Viunga vya Njia Kuu

Neno kiunga, kwa watu wa pwani waliolitumia kabla yetu, halikuwa na maana ya nyumba wala ya mtaa. Lilikuwa jina la shamba la miti ya matunda lililo kando ya mji, mahali pa minazi na miembe na michungwa, ambako tajiri wa Unguja au wa Mombasa alikwenda kupunga hewa siku za joto, na ambako wale waliomlimia, na baada yao watoto na wajukuu wao, walijenga vibanda na kufanya maskani. Mji ulipotanuka ukavifikia vibanda hivyo, miti ilikatwa, walakini jina halikukatwa pamoja nayo, na leo tunaposema viunga vya mji tunakusudia mabati na vichochoro, wala hakuna anayekumbuka embe. Naianza sura hii kwa neno la pwani, ingawa nchi nitakayoisimulia iko mbali sana na bahari, kwa sababu siku niliyoshuka garini Benaco, wilayani Ngara, nikatazama huku na huku, niliona kila kitu kinachopatikana katika viunga vya mji mkubwa: gesti zenye majina ya makuu, gereji zenye matairi yaliyorundikwa, mama lishe na masufuria yao, vijana wa bodaboda waliojipanga kivulini, maduka ya simu, msikiti, makanisa, nikauliza nafsi yangu, mji wenyewe uko wapi?

Si Ngara, ambayo ni mji mdogo uliokaa juu ya kilima chake, nje ya njia hii, mkabala na Burundi. Si Biharamulo, iliyo mbali upande wa mashariki na yenye shughuli zake. Bukoba, makao ya mkoa, ni safari ya siku, na Kigali, ingawa iko karibu kuliko Bukoba kwa baadhi ya watu hawa, iko katika nchi nyingine. Ilinichukua muda kukubali jibu ambalo dereva yeyote wa lori angalinipa bila kufikiri, kwamba mji wa viunga hivi ni barabara yenyewe. Kwamba Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco ni mitaa ya mji mmoja mrefu na mwembamba, ambao upana wake hauzidi mwendo wa kutupa jiwe huku na huku, na ambao wakazi wake wengi, wakati wowote utakaowahesabu, wamo njiani.

Mji huo ni mkongwe kuliko lami yake. Katika zama za misafara, nchi ya Rusubi, ambayo wasafiri wa pwani waliiita Usui, ilikuwa mlango wa kupitia kutoka Unyanyembe kwenda Karagwe na Buganda, na mlango huo ulikuwa na bawabu. Oktoba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na msafara wake ambao nguzo yake mojawapo alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliingia katika nchi hiyo iliyokuwa chini ya mtawala Suwarora, na hakutoka mpaka Novemba, baada ya kutozwa hongo hatua kwa hatua, nguo na shanga na masango, na kila aliyelipwa akamwelekeza kwa mwingine aliyestahili kulipwa. Katika kitabu chake Speke alilalamika sana juu ya jambo hilo, na wasomaji wa Ulaya wakamhurumia. Mimi nikiyasoma malalamiko hayo huona upande wa pili: mtu aliyekaa kando ya njia, ambaye hana bandari wala mgodi, mali yake ni kupitiwa, na msafara uliozuiwa siku kumi ni msafara utakaonunua nafaka na mbuzi na ndizi kwa siku kumi. Mtawala mwenyewe Speke hakumwona kwa macho. Alionana na watoza hongo tu, jambo ambalo wenye malori wa leo watalifahamu bila ya kuelezwa.

Nchi ya Suwarora haikudumu na umoja wake. Stanley alipopita upande huo mwaka 1889, akirudi kutoka safari ya kumwokoa Emin Pasha, mwenye nguvu wa Usui alikuwa Kasusura, na ni huyo ambaye Wadachi walimkuta na kupatana naye, wakajenga mwanzoni mwa karne ya 20 ngome yao ya Biharamulo, yenye kuta nene na minara, juu ya mwinuko unaotazama mbali. Ngome bado ipo, na msafiri mwenye fedha kidogo aweza kulala ndani yake. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Ruanda yaliitwaa Biharamulo, wakaikalia hadi 1921 walipowaachia Waingereza, hivyo kwamba mtu aliyezaliwa hapo wakati wa Kasusura alipata kutawaliwa na mataifa matatu ya Ulaya kabla hajaota mvi. Kuzunguka boma ndiko kulikoota mji wa kwanza wa mtindo tunaoufahamu, mji wa askari, makarani na wenye maduka, watu ambao aghalabu hawakuwa Wasubi wala Wazinza, na ambao lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo yule ambaye leo mkulima wa hapa humwita mtu wa kuja ana nasaba ndefu katika nchi hii.

Upande wa Ngara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, na mpaka uliopangwa na Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji mwaka 1919 uliiacha upande wa Tanganyika. Gisaka ya Wanyarwanda, iliyokuwa imekatwa kwa mstari huohuo, ilirudishwa Ruanda miaka michache baadaye baada ya malalamiko mengi, Bugufi haikurudishwa. Jirani yake Bushubi ilikuwa na mwami wake. Kutokana na tarikhi hiyo, Mhangaza wa leo akizungumza na Mrundi kutoka ng'ambo ya mpaka, pale Kobero, hahitaji mkalimani, na wote wawili wakizungumza na Mnyarwanda huelewana kwa jitihada ndogo. Jambo hili nimelitaja hapa kwa makusudi, maana bila ya kulielewa hutaelewa yaliyotokea Benaco.

Sitakawia sana katika miaka ya kati. Mbung'o na ugonjwa wa malale ulifukuza watu katika sehemu kubwa za Biharamulo, serikali ya Waingereza ikawakusanya walionusurika mahali pamoja, na mapori yaliyobaki nyuma yao yakawa makao ya wanyama, ambayo baadhi yake tangu 2019 yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kahawa ilishika katika vilima vya Bugufi. Wamisionari nao walianzisha viunga vya namna yao: Katoke upande wa Biharamulo, palipokuwa na chuo cha ualimu, Murgwanza, jirani na Ngara mjini, penye hospitali na makao ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, na Rulenge, iliyolipa jina lake jimbo la Kikatoliki. Rulenge ilipata askofu mmoja ambaye sura hii haiwezi kumpita kimya, Christopher Mwoleka, ambaye katika miaka ya Ujamaa hakutosheka kuuhubiri katika barua za kichungaji bali alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wanakijiji. Maaskofu wengi wamewasifu maskini; walioomba kiwanja katikati yao ni wachache.

Basi sasa Benaco.

Jina lenyewe si la Kishubi wala la Kihangaza. Ni la kampuni ya Kitaliani ya ujenzi wa barabara iliyopiga kambi hapo, ikafanya kazi yake, ikaondoka, ikaliacha jina kama mtu aachavyo kofia msumarini. Na Benaco, katika Kitaliani, ni jina la kale la ziwa lile ambalo ramani za leo huliita Garda, kaskazini ya Italia, ziwa la mahoteli na mashua za starehe. Sidhani kwamba yeyote aliyechota maji Benaco ya Ngara mwaka 1994 aliambiwa kwamba jina la mahali hapo ni jina la ziwa. Wenye ofisi huandika Kasulo, ambalo ndilo jina la kata. Wenye kuishi na wenye kupita husema Benaco, na waliokuja baadaye huamini ni la asili.

Tarehe 28 Aprili 1994, ikiwa ni wiki tatu tangu mauaji ya kimbari yaanze nchini Rwanda, umati ulianza kuvuka daraja la Rusumo, pale Mto Kagera unapoporomoka kati ya miamba. Waliovuka katika muda wa kama saa 24 walikisiwa kuwa zaidi ya 200,000. Walikuja na magodoro na majembe, na mbuzi, na baiskeli zilizosheheni. Wengi wao walikuwa wakulima wa kawaida waliokimbia kwa hofu ya majeshi ya waasi wa RPF yaliyokuwa yakisogea, na ndani ya umati huo, wakitembea pamoja nao na mara nyingi mbele yao, walikuwamo watu ambao mikono yao ilikuwa na damu. Chini ya daraja mto ulikuwa ukichukua maiti kuelekea Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa mbali, hata wa Uganda, waliziopoa kwa maelfu. Wenyeji wa Ngara walioshuhudia siku zile hawapendi kuianza habari hii na mto. Huanza na moshi: usiku wa kwanza, wasemavyo, mabonde yaliyokuwa giza tangu dunia iumbwe yaliwaka mioto isiyohesabika.

Katika majuma machache Benaco ilisemwa kuwa ndiyo kambi kubwa ya wakimbizi kuliko zote duniani, na kwa wingi wa watu ilipitwa Tanzania nzima na Dar es Salaam na miji michache tu mingine. Hapo ndipo palipokuwa mji kweli, ukiwa na viunga vyake halisi: Lumasi, Musuhura na Lukole, ambayo baadaye ilikuwa ya Warundi walioendelea kukimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993. Wakimbizi wa Kinyarwanda walipangwa kwa wilaya zao za nyumbani, tarafa kwa tarafa, jambo lililorahisisha mgao wa mahindi na maharage na kuwarudishia mamlaka walewale waliowaongoza katika mauaji. Juni 1994 Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa mkuu wa tarafa ya Murambi, alipotakiwa aondoke kambini, kundi la maelfu liliwazingira watumishi wa misaada mpaka wakahofia roho zao. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu mwaka 2011. Katika miaka 17 kati ya siku ile na hukumu ile, mahali hapo palikuwa pamekwisha kuota mihogo.

Haki inataka tuseme pia yale mengine. Mji wa turubai ulikuwa na vinyozi, mafundi cherehani, wauza nyama, mabaa ya pombe ya ndizi, shule, timu za mpira, harusi na matanga. Mahindi ya msaada yaligeuka bidhaa, na Mhangaza aliyekuwa na ndizi na Mnyarwanda aliyekuwa na unga wakakutana penye soko, lugha zao zikaelewana, bei zikapatana. Wakulima wa Ngara waliajiri mikono ya wakimbizi kwa ujira mdogo na mashamba yakapanuka. Wenye magari ya kukodi walitajirika. Kijana aliyejua Kiingereza kidogo alipata mshahara ambao mwalimu wake hajapata kuushika. Wakati huohuo miti ilikatwa hadi vilima vikabaki vipara, kina mama wakatembea mbali zaidi kila juma kutafuta kuni, na wizi wa mifugo na wa mazao ukazidi. Wageni waliwazidi wenyeji idadi katika wilaya yao wenyewe. Ukimuuliza mzee wa hapa kama miaka ile ilikuwa ya neema au ya balaa, ataanza kujibu kwa neno moja, atasita, halafu atakuambia bei ya debe la maharage ilivyokuwa.

Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha redio Ngara, ikaitwa Radio Kwizera. Na kwizera, katika lugha za pande hizi, ni kuamini na kutumaini. Redio hiyo ilitangaza katika nchi iliyokwisha kuona, ng'ambo ya mto, redio nyingine ikitumika kuwataja watu wa kuuawa, kwa hiyo jina lake halikuwa la mapambo. Imekaa hata baada ya wakimbizi kuondoka, na leo mwenye duka wa Benaco huifungua asubuhi kupata bei na hali ya hewa.

Waliondoka kama walivyokuja, wote kwa mara moja. Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Tarehe 12 umati ulianza kutembea, lakini kinyume, kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, ukiongozwa na wale waliokuwa na sababu ya kuogopa Kigali. Wanajeshi wakauziba, ukageuzwa, na siku chache baadaye barabara ileile ilijaa watu wakielekea Rusumo, karibu nusu milioni kwa jumla, katika mvua. Wapo wenyeji waliosimama kando wakiwaaga jirani wa miaka miwili na nusu, na wapo waliosimama kando wakitazama vitakavyoachwa. Warundi wa Lukole walibaki miaka kumi na zaidi, mpaka kambi yao nayo ikafungwa.

Nimesikia watu wa mbali wakidhani kwamba Benaco ilikufa hapo. Kambi ilikufa, lakini biashara iliyokwisha kuzoea mahali haihami kwa amri. Wenye maduka waliokuja kutoka Mwanza, Kahama, Bukoba na Kigoma kufuata soko la kambi walitazama, wakaona kwamba barabara bado ipo na malori bado yanapita, wakavuta vibanda vyao kutoka kwenye uwanja wa turubai mpaka ukingoni mwa lami. Walifuatwa na Wasukuma waliotafuta malisho na ardhi, wakafuatwa na mafundi. Barabara ya kutoka Karagwe inaungana na njia kuu hapa. Ile iendayo Ngara na Kobero huchepuka Nyakasanza. Na kwa kuwa Rwanda na Burundi hazina bahari, mafuta na saruji na ngano zao zinazoshuka Dar es Salaam hupita hapa, zikirudi na kahawa, au zikirudi tupu. Suwarora angalifurahi.

Palikuwa na miaka, mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, ambapo njia hiyo iliogopwa. Silaha zilizovuka mpaka pamoja na watu hazikurudi zote, na katika mapori ya Biharamulo mabasi yalisimamishwa kwa magogo na risasi; ikawa sharti magari yakusanyike, yangoje polisi wenye bunduki, kisha yaende kwa msafara mmoja. Hapo pia, bila ya mtu kukusudia, kungoja kulijenga nyumba. Kila mahali magari yalipojipanga kusubiri msafara alikuwapo mwanamke mwenye chupa ya chai na sinia la mandazi, na baada ya mwaka alikuwa na meza, na baada ya meza paa. Nilikula kwa mmoja wao Lusahunga, mama wa Kizinza mwenye maneno machache, nikamuuliza kama hakuogopa majambazi siku zile. Alinijibu huku akipakua wali: "Mwanangu, wao walikuwa wakitafuta abiria. Na mimi nilikuwa nikitafuta abiria." Hakucheka, na mimi sikujua kama nicheke.

Watu wa viunga hivi wana adabu zao, ambazo mgeni huzijua kwa kukosea. Huulizwi kabila lako siku ya kwanza. Huulizwa unaelekea wapi, na ukijibu kwamba huelekei popote, kwamba umefika, watu hutazamana. Utingo hupewa chai kwa mkopo mpaka atakaporudi, na aghalabu hulipa, maana njia ni moja. Kijana mwenye umri wa miaka tisa atakutajia gari kwa mngurumo wake kabla halijatokea kwenye kona, na atakuambia ni la Kigali au la Bujumbura kwa herufi za sahani yake. Wazee wenye mashamba upande wa bonde huwatazama watu wa lami kama watu wasio na makaburi, na hilo ndilo tusi kubwa walilonalo. Ingawa siku hizi, nilipotembezwa, nilionyeshwa makaburi ya watu wa lami, mapya, yenye saruji.

Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi mbili, hata baada ya Biharamulo kumegwa mwaka 2005 ikapatikana Chato. Wengi wao ni wakulima ambao hawataishi kamwe kando ya njia kuu. Lakini watoto wao huiteremkia. Pale Rusumo mitambo ya umeme wa megawati 80 imejengwa kwa ubia wa Tanzania, Rwanda na Burundi, Ngara wanazungumzia nikeli ya Kabanga, na upande wa Biharamulo dhahabu ya Tulawaka imekwisha kuchimbwa na mikono zaidi ya mmoja. Kila jambo katika hayo huleta watu wapya, na wapya hujenga mbele.

Kujenga mbele kuna taabu yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia kuu, na nyumba iliyoingia ndani ya hifadhi hiyo huchorwa X nyekundu ukutani, ya kuagiza ibomolewe. Mfanyabiashara wa njiani kwa hiyo huishi akivutwa na mambo mawili: riziki yake inamwambia asogee karibu na gari, na serikali inamwambia arudi nyuma. Mwenyeji wangu wa Benaco, muuza vifaa vya baiskeli na pikipiki, alikwisha kuvunja chumba chake cha mbele kwa mkono wake kabla hakijavunjwa, akajenga kingine nyuma ya mita zake 30, na kwa kuwa bati halikutosha alikiacha na milango miwili isiyolingana, mmoja mpana wa kutazama lami na mwingine mwembamba wa kutokea uani. Jioni tuliyoagana alinitolea kiti kwa mlango ule wa nyuma, maana mbele palikuwa na vumbi la malori yaliyokuwa yakijipanga kulala. Huko nyuma palikuwa na migomba, mparachichi mmoja, na miembe mitatu michanga aliyoipanda yeye mwenyewe, aliniambia, mwaka ule alipoacha kusema kwamba yuko hapa kwa muda.